Vumbi la mkaa: namna ya kulifinyanga likarudi kuwa mkaa

Kila gunia la mkaa lina chenga chini yake. Mkaa hupakiwa porini, hurushwa juu ya lori, hushushwa na kupimwa kwa kopo, na mpaka umfikie mpishi kama sehemu ya kumi hadi ya tano ya uzito wake imeshakuwa vumbi. Vumbi hilo humwagwa nyuma ya kibanda au mtaroni. Tanuri la udongo la kawaida hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Maana yake kilo 20 za vumbi linalomwagwa ni kilo 100 hadi 200 za mti uliokwisha kukatwa, kuchomwa na kusafirishwa.

Vipimo vya hapa chini ni vya kilo 20 za vumbi kavu.

Vumbi lenyewe

Omba muuza mkaa akuwekee gunia au turubai pale anapomimina mkaa. Vumbi lililofagiliwa chini huja na mchanga, na mchanga hauungui: unalala jikoni kama majivu na kuziba matundu ya hewa. Kabla ya kulipia, tia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, hesabu mpaka kumi. Mchanga huzama papo hapo, ilhali vumbi la mkaa huelea au hushuka polepole. Ukiona tabaka nene la mchanga, liache hilo gunia hata kama ni la bure.

Chekecha kwa wavu wa matundu ya milimita 3 hivi. Vinavyobaki juu vitwange kwenye kinu kibovu au vipondeponde ndani ya gunia kwa mchi. Vipande vya rangi ya kahawia vitoe: hivyo ni mti ambao haukuiva tanurini, na ndivyo vinavyofanya mkaa utoe moshi na kuwasha macho. Chagua pia mawe, waya na plastiki. Funga kitambaa puani, kwa sababu vumbi hili ni jepesi na huingia ndani kabisa kifuani.

Uji wa kushikisha

Hapa ndipo wengi huharibu. Vumbi la mkaa halina gundi yake lenyewe, na unga mbichi wa muhogo haushiki kitu. Lazima uive.

Pima kilo 1 ya unga wa muhogo. Ukoroge kwa lita 2 za maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha umimine polepole kwenye lita 8 za maji yanayochemka huku unakoroga. Uji ukiacha weupe na kuanza kung'aa na kuvutika kwenye mwiko, umeiva. Unga uliofagiliwa kwenye mashine ya kusaga, au uliopata unyevu na haufai tena kuliwa, unafanya kazi ileile kwa bei ndogo. Kununua unga mzuri wa ugali kwa kazi hii ni hasara, na hauna sababu ya kugombewa na jiko na sahani.

Udongo mfinyanzi nao hushika, ila kila kilo ya udongo unayotia inarudi yote kuwa majivu. Kwa kupika maharage au kande, ambapo unataka moto mpole wa muda mrefu, changanya unga gramu 700 na udongo laini kilo 1. Usizidishe kilo 2. Wanaojaza udongo ili mkaa uwe mzito kwenye mizani hupata mteja mara moja tu. Saruji usiiguse kabisa.

Jambo jingine la kuepuka ni kuchanganya vumbi la makaa ya mawe, kwa wale walio karibu na migodi yake ya Kiwira au Ngaka. Makaa ya mawe yana salfa, na moshi wake ndani ya nyumba huwasha koo na kifua. Mkaa wa Rafiki wa STAMICO, shirika la madini la taifa, unatokana na makaa ya mawe, lakini ule huandaliwa kiwandani. Haufanani na vumbi bichi la mgodini lililofinyangwa uani.

Kuchanganya na kufinyanga

Mimina uji ukiwa bado vuguvugu juu ya vumbi, kidogo kidogo, na ugeuze kwa koleo kama fundi anavyochanganya zege, mpaka kusiwe na sehemu iliyobaki ya kijivu na kavu. Kisha fumba konzi. Ukifumbua, donge likae bila kuvunjika na maji yasichuruzike kati ya vidole. Likimeguka, ongeza maji nusu lita nusu lita. Likichuruzika, ongeza vumbi. Usijaribu kulikausha kwa kuliacha juani.

Madonge ya mkono yawe ya sentimita 4 hadi 5, na uyakamue kwa nguvu. Ukitaka yafanane, kata bomba la plastiki la maji lenye upana wa sentimita 5, chonga mti unaoingia humo, shindilia kwa nyundo ya mbao, sukuma nje. Donge lililoshindiliwa vizuri huwaka muda mrefu kuliko la mkono. Mashine ya skrubu ya kufinyangia ni ya kununua baada ya kupata wateja.

Kukausha

Siku ya kwanza weka kivulini, juu ya wavu wa kuku ulioinuliwa ili hewa ipite chini. Jua kali la mwanzo hukausha ganda la nje huku ndani kukiwa mbichi, na donge hupasuka. Siku ya pili yatoe juani, yageuze mara mbili kwa siku. Kiangazi siku 3 hadi 5 zinatosha. Masika hesabu wiki nzima au zaidi, na usiku yafunike.

Kujua kama yamekauka, tia alama donge moja na ulipime kila jioni kwa mizani ya jikoni. Uzito usipobadilika siku mbili mfululizo, tayari. Ukiyarundika yakiwa na unyevu, wanga huchacha na ndani ya siku chache utaona ukungu mweupe. Donge zuri, likiangushwa sakafuni kutoka kimo cha mita moja, linabaki zima au linavunjika vipande viwili. Likitawanyika, uji ulikuwa mchache au haukuiva.

Jikoni

Mkaa huu ni mvivu kushika moto. Anza na konzi ya mkaa wa kawaida, ukikolea panga madonge juu yake ukiacha nafasi za hewa, nje ya nyumba. Baada ya dakika 15 hivi moshi unakwisha. Usiuchokoe kila mara; ganda la majivu ndilo linalotunza moto, na ukilivunja donge linasambaratika.

Moshi ukiisha hatari haijaisha. Kaa jekundu lisilo na moshi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Jiko lisilale chumbani, hata kwa baridi ya Njombe.

Bei

Tuseme unga ni shilingi 1,500 kwa kilo na vumbi ni shilingi 100 kwa kilo. Kilo 20 za vumbi ni 2,000, unga 1,500, jumla 3,500, na mwisho unapata karibu kilo 20 kavu. Hiyo ni shilingi 175 kwa kilo, kabla ya vibarua, kuni za uji na nauli. Weka bei za kwako.

Usilinganishe kilo kwa kilo na mkaa wa gunia, kwa kuwa wako una majivu mengi zaidi na joto dogo zaidi. Pika maharage kilo 1 kwa mkaa wa kawaida uliopimwa, kesho yake upike mengine ya gunia lilelile kwa mkaa wako, na uandike ni gramu ngapi zimetumika kila mara. Kama wako umetumika mara moja na nusu, basi bei yake kwa kilo isizidi theluthi mbili ya bei ya ule mwingine.