Namna ya Kumtafutia Mzee Mbwa wa Umbo Dogo Baada ya Kufiwa na Mbwa Wake wa Zamani

Mzee aliyeishi na mbwa wake kwa miaka mingi humlilia anapokufa, na jirani anayemwambia "ni mbwa tu" humwongezea machungu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mbwa yeyote, keti naye, mwache azungumze, kisha muulize waziwazi kama anataka mwingine na kwa wakati gani. Nawasihi sana watoto na wajukuu wasimletee mbwa kwa kumshtukiza, hata kama nia ni njema, kwa sababu mzee anaweza kuhisi kwamba analazimishwa kumsahau wa kwanza.

Waulizwe pia wanaoishi naye. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi, hivyo mahali atakapolala, vyombo vyake na umbali wake kutoka mahali pa kuswalia vikubaliwe mapema. Mpangaji aombe ruhusa kwa mwenye nyumba.

Kuhusu umri, mimi ningechagua mbwa mzima wa miaka mitatu hadi minane badala ya mtoto wa mbwa. Mtoto wa mbwa hulia usiku, hukojoa ndani na hupita katikati ya miguu, na kwa mtu wa miaka 75 kujikwaa mara moja kunaweza kuvunja nyonga. Isitoshe, mbwa wengi wa umbo dogo huishi miaka 12 hadi 15, kwa hiyo anayechukuliwa leo akiwa mchanga huenda akambakia mtu mwingine. Uzito wa kilo tano hadi nane unafaa: mzee anaweza kumpakata, na bado anamwona miguuni. Wenye pua bapa huhema kwa shida katika joto la Desemba hadi Machi, na wenye manyoya marefu huhitaji kunyolewa na kuchanwa mara kwa mara. Mbwa wa kienyeji mwenye umbo dogo na tabia ya upole asidharauliwe, kwani joto letu amelizoea.

Anza kuuliza kwa madaktari wa mifugo, kwa sababu wao hujua ni familia gani inahama na kumwacha mbwa aliyetunzwa vizuri. Mbwa anayeuzwa barabarani bila kadi ya chanjo ni vema kumwepuka. Kadi ioneshe chanjo ya kichaa cha mbwa, inayoanza kutolewa mbwa akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Mkague mwenyewe: fizi ziwe na rangi ya waridi, masikio yasinuke, na upapase kwapani na katikati ya vidole, ambako kupe hupenda kujificha. Kupe hao huambukiza homa inayoweza kumuua mbwa.

Mpeleke mzee akamwone mbwa zaidi ya mara moja, na umpe kiti aketi bila kumwita mbwa. Wakati wa mazungumzo, angusha mkongojo sakafuni taratibu. Mbwa anayeshtuka kisha akarudi kuunusa atamfaa, lakini anayebweka mfululizo au kujificha muda wote atamchosha. Uamuzi wa mwisho uwe wa mzee mwenyewe, hata akimkataa yule uliyempenda wewe.

Majuma ya kwanza, mfunge mbwa kengele ndogo shingoni ili mzee asikie alipo, na atembezwe alfajiri au baada ya magharibi, kwa kuwa lami ya mchana huunguza nyayo. Mapema kabisa, ndugu wakubaliane ni nani atalipia chakula na matibabu, na nani atamchukua mbwa huyo ikiwa mzee atalazwa hospitalini. Namba ya simu ya mtu huyo iandikwe nyuma ya kadi ya chanjo, na mbwa azoeshwe kulala kwake mara mojamoja wakati mzee bado ana afya.