Unaomba masters ya uhusiano wa kimataifa? Usikimbilie Kifaransa kabla hujasoma hapa

Wadogo zangu mnaomaliza chuo cha SAUT pale Malimbe, Mwanza, na kwingineko, kila msimu wa maombi ukifika simu yangu haitulii na swali ni lile lile, "kaka wanataka lugha ya kigeni, nianze Kifaransa?" Jibu langu huwa subiri kwanza, rudi kwenye ukurasa wa hiyo kozi usome neno kwa neno, maana mimi mwenyewe niliingia mkenge. Miezi 7 nzima kila Jumamosi natoka Igoma kwa daladala mpaka Kirumba kwa mwalimu mmoja Mkongo, nauli yangu, ada yangu, madaftari yangu, halafu siku nimetulia nasoma masharti vizuri nakuta wameandika "lugha ya pili ya kisasa mbali na Kiingereza". Mbali na Kiingereza! Sasa Kiswahili nilichozaliwa nacho si ndo hicho hicho?

Kwahiyo jambo la kwanza ni kujua sharti lenyewe ni la aina gani. Kuna vyuo vinataka lugha mlangoni, yaani bila cheti huingii. Vingine vinakupokea tu ila hupewi shahada mpaka ufaulu mtihani wa lugha, na shule kama Fletcher ya Tufts na kozi ya MSFS (masters ya mambo ya nje) ya Georgetown kule Marekani zimejulikana kwa hilo miaka mingi. Halafu kuna ile ya PhD, wanataka uweze kusoma tu, unapewa kurasa za kitaalamu uzitafsiri. Uingereza wengi hawana habari na hayo, LSE kwa mfano, kile chuo cha uchumi na siasa cha London, kwenye masters ya uhusiano wa kimataifa wanachotaka ni Kiingereza chako kiwe kizuri basi. Geneva pale Graduate Institute wanafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, hapo hata kama umeingia kwa Kiingereza kujifanya Kifaransa hukioni ni kujitesa.

Ukishajua, waandikie barua pepe ofisi ya udahili, fupi tu: lugha yangu ya kwanza ni Kiswahili, je kinatosheleza sharti lenu na mnataka ushahidi gani. Usiogope, hawachukii kuulizwa. Wengine wataridhika na cheti chako cha fomu foo chenye Kiswahili, wengine watataka mahojiano ya mdomo, na huu mtihani wa kuongea wa ACTFL, chama cha walimu wa lugha cha Marekani, wanaouita OPI unafanyika kwa simu dakika 15 mpaka 30 na Kiswahili kimo. Na usije ukajishusha ukaona Kiswahili ni lugha ya sokoni tu, Umoja wa Afrika umekipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022 na UNESCO ilishakipa siku yake, Julai 7.

Ila sasa sikiliza hapa maana ndo watu wanapoangukia. Mtu anasema mimi Mswahili nijiandae nini, anaingia kwenye mahojiano anaulizwa aeleze vita ya nchi fulani, anaanza "unajua hawa jamaa waliwekewa sanctions halafu wakasaini ile ceasefire", yani nusu Kiingereza nusu Kiswahili, na sisi wa huku Kanda ya Ziwa tunaongezea na Kisukuma juu yake. Anayekupima hapimi kama unaweza kununua sangara, anapima kama unaweza kujenga hoja. Kaa na daftari wiki 3 au 4, sikiliza idhaa za Kiswahili za DW, BBC na RFI, andika maneno wanayotumia: vikwazo, kusitisha mapigano, kuridhia mkataba, nchi mwanachama, mamlaka ya nchi, kujiamulia mambo yao. Halafu zungumza peke yako dakika 5 kwa mada moja bila kuchanganya. Mimi nilikuwa nafanya hivo nikitembea kando ya ziwa Capri Point, watu wakanishangaa sana, poa tu.

Kama jibu la chuo ni hapana, Kiswahili hatukipokei, au unataka kazi za Umoja wa Mataifa baadaye, basi chagua lugha kwa akili. Wanadiplomasia wa Marekani wanapangiwa wiki kama 30 kwa Kifaransa, Kichina au Kiarabu ni wiki 88, na hapo ndo kazi yao ya kutwa, wewe una kibarua na dala dala la kugombania. Ukiwa na mwaka mmoja mbele yako usianze Kichina kisa shemeji yako ana duka la simu. Kifaransa kina faida nyingine, Kongo na Burundi ni wenzetu ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Sekretarieti ya UN inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa.

Cheti cha Kifaransa kina mitihani miwili, DELF na TCF: DELF ukiupata haupitwi na wakati, TCF matokeo yake ni miaka 2 tu, kwahiyo TCF usiufanye mapema sana. DELF wa ngazi ya B2, yaani ya kujitegemea kwenye lugha, una sehemu 4, kila moja alama 25, unafaulu kwa 50 ila ukipata chini ya 5 sehemu yoyote umeanguka hata kama kwingine umeua. Kwa sisi wa Mwanza panga safari ya Alliance Française Dar au Arusha na ulale huko siku moja kabla, kushuka kwenye basi miguu imevimba ukaingia kusikiliza Kifaransa cha haraka sikushauri.

Kwa wale wa kusoma tu, PhD, vyuo vingi wanaruhusu kamusi, kwahiyo kinachokuua sio misamiati ni vile vineno vidogo. Chukua Kifaransa: "ne... que" sio kukanusha, maana yake ni "tu". "Actuellement" ni kwa sasa, "éventuellement" ni huenda, ukizitafsiri kwa kuangalia Kiingereza umekwisha.

Na ya kuongea, kabla hujalipia mwalimu wa mtandaoni nenda pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki, wapo Wakongo wanaofuata dagaa na wengi Kifaransa kinawatoka vizuri tu, salimia kwa heshima, nunua kidogo, omba muongee. Nenda mapema asubuhi lakini, ikifika mchana wameshachoka, mzigo unapakiwa na bei imeshawavuruga, hakuna mtu atakuwa na muda wa kukurekebishia vitenzi vyako.