Namna ya Kutumia na Kutafsiri Neno Mteremko

Neno mteremko limetokana na kitenzi teremka, na kwa sababu hiyo limebeba mwelekeo ndani yake: ni ardhi iliyoinama, ikitazamwa na mtu anayeshuka. Kabla ya kulitumia kutafsiri neno la kigeni, jiulize kwanza msemaji amesimama wapi. Hapa Moshi, barabara ya kutoka Himo kwenda Marangu ni mlima kwa dereva aliyepakia saruji na kuingiza gia namba moja, lakini jioni, anaporudi na mikungu ya ndizi huku mguu ukiwa juu ya breki, barabara ileile ni mteremko.

Mwelekeo usipokuwa na umuhimu, kwa mfano katika maelezo ya jiografia, andika tu miteremko ya Kilimanjaro. Mwinuko ni vyema ubaki kwa kimo: kilele cha Uhuru kiko kwenye mwinuko wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Ardhi iliyosimama wima kama ukuta ni genge, ingawa wengi wetu mjini tukisikia genge tunawaza nyanya na vitunguu.

Iko pia maana ya kitamathali, ambayo naipenda zaidi. Kupata kitu kwa mteremko ni kukipata bila jasho. Kwa hiyo mfasiri akikutana na maisha ya mteremko asitafute ardhi, bali atafute neno la wepesi katika lugha yake.

Tahajia ya mtelemko nayo utaikuta. Chagua moja na uishike hadi mwisho wa andiko.