Ukikaa na mwanamume anayempiga mkewe, anza kwa mke

Naongoza vikundi vya wanaume wanaopiga wake zao hapa Tanga. Kabla mwanamume hajakalia kiti, mwenzako awe ameshaongea na mkewe. Mwenzako, si wewe. Amwone peke yake, mahali ambapo kwenda kwake hakuzui maswali. Kliniki ya mtoto inafaa. Amuulize simu yake hushikwa na nani, na saa gani ni salama kumpigia. Asipotaka kuongea nasi, tusimsumbue, ila ajue pa kutupata.

Amuulize pia: amewahi kukabwa koo? Ametishiwa kuuawa? Anapanga kuondoka? Akijibu ndiyo hata mara moja, usalama wake unatangulia kikundi. Zungumzeni pa kulala usiku huo, Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kama ameumia. Kuamua ni kwake.

Anayosema mke yasimfikie mume. Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza mume swali ambalo jibu lake alilijua mkewe tu. Akanyamaza, akanitazama. Siku mbili baadaye yule mama alikuja mkono umefungwa bandeji. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Kikundini, sikiliza maneno anayojifichia: "tuligombana", "shetani alinipitia", "alijigonga mlangoni". Mrudishe taratibu. Mkono wa nani ulinyanyuka? Ulimpiga wapi? Mtoto alikuwa amekaa wapi? Bosi akikutukana, unampiga? Akisema hapana, basi hasira anaiweza. Anachagua pa kuimwagia. Hapo mimi hukaa hata saa nzima. Akidai ni haki yake kumtia mkewe adabu, namweleza kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Wazee watakuomba uwakalishe wote wawili mwasuluhishe. Kataa, kwa heshima. Mbele ya mume, mke husema yale tu anayoweza kurudi nayo nyumbani. Wala usimpe mume barua ya kuthibitisha kwamba anahudhuria kikundi: ataipeleka ukweni ili mke arudishwe.

Akiacha kuja, mkewe aambiwe siku hiyohiyo.

Machozi ya mume kikundini siyaandiki kuwa mabadiliko. Naandika anayoniletea mwenzangu kutoka kwa mke, akiridhia. Mama mmoja alisema: "Siku hizi pikipiki yake ikiingia uani, watoto wanaendelea kucheza."