Kupanda mwembe kwa kamba mbili na kiti: tunavyofanya huku Mwanza

Ndugu zangu wa kanda ya ziwa, mwezi wa 11 ukifika embe zinaanza kuiva na kila msimu lazima usikie mtu kadondoka mwembeni. Binamu yangu alidondoka Misungwi, tawi lilikatika ghafla akiwa juu kama mita sita hivi, akalazwa Bugando wiki nyingi na mpaka leo anatembea kwa gongo, na sio kwamba alikuwa hajui miti, alikuwa anaijua kuliko mimi, shida ni moja tu, alikuwa hajafungwa na kitu chochote. Tangu siku ile mi sipandi mti wowote bila kamba, iwe kuchuma, kupunguzia matawi au kutundika mzinga, na vijana wa kwetu wengi nimewafundisha, ndo maana naandika.

Njia yenyewe sikuitoa kichwani. Kule Marekani kuna wawindaji wa kulungu ambao wanapanda mti alfajiri na kukaa huko juu masaa na masaa wakisubiri mnyama apite chini. Wengi wao bado wanabeba vijukwaa vya chuma, ila kuna wanaotumia kiti cha kitambaa kigumu kinachoshika kiuno, makalio na mapaja, wananing'inia kwa kamba iliyofungwa juu ya kichwa, miguu imekanyaga kijibao kidogo au imeegemea shina, na mikono yote miwili iko huru. Nilivyoona picha zake nikasema hii ni ya kuchumia embe. Ya kuwinda tuwaachie wenyewe maana huku ukiwinda bila leseni ni ujangili, Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya 2009 iko wazi kabisa, mi naongelea embe na parachichi na mizinga.

Kuna sharti moja nataka ulishike kabla hujasoma mengine: hufungui kamba mpaka nyingine iwe imeshashika. Yani kuanzia miguu inaacha ardhi mpaka inarudi, muda wote kuna kamba angalau moja inayokushikilia kwenye mti. Mengine yote nitakayoandika ni namna ya kulitimiza hilo.

Vifaa. Kiti chenyewe kinafanana na ile mikanda wanayovaa mafundi wa minara ya simu, na ukipata ule wa fundi wenye vitanzi viwili vya pembeni kwenye nyonga na mahali pa kuunganishia pale mbele unafaa, cha kwangu niliagiza Dar kikaja na basi nikakipokea Nyegezi stendi. Usishone mwenyewe kwa mkanda wa gunia au mkanda wa gari wa zamani, tafadhali sana, uzi wa fundi cherehani haujatengenezwa kubeba mtu anayedondoka. Mbele ya kiti kunakuwa na kamba fupi inayounganisha nyonga ya kulia na ya kushoto, wenyewe wanaiita daraja, ukining'inia uzito wako wote unakaa hapo na unaweza kugeuka huku na huku bila kujifungua.

Kamba ndo penye ubishi kila siku. Watu wanakwenda mwaloni Kirumba wananunua kamba ya manila ile ya bluu au ya kijani ya wavuvi, wanasema inavuta mtumbwi itashindwaje mtu. Ile kamba ni ya plastiki nyepesi, wavuvi wanaipenda kwa sababu inaelea, na kwa kazi yao iko sawa kabisa, ila kwenye mti inaliwa na jua inakuwa kama unga ukiisugua, alafu joto la msuguano linaiyeyusha haraka. Ukitaka kujua ulichonacho kata kipande kidogo tumbukiza kwenye ndoo ya maji, ikielea usipandie. Na isipoelea bado sio kibali, ni hatua ya kwanza tu, unatakiwa ununue kamba iliyotengenezwa kwa ajili ya kubeba mtu, ile yenye kiini ndani na ganda limefumwa juu yake, unene wa milimita 10 au 11, na iwe imeandikwa uwezo wake. Kamba ya katani nayo hapana, inashika unyevu inaoza kwa ndani huku nje unaiona nzima.

Unahitaji mbili. Ya kwanza ni ya kiunoni, inazunguka shina na kushikwa kwenye vitanzi vya nyonga zote mbili, hii ndo inakusindikiza wakati unapanda, ni kama ile ya fundi wa nguzo za umeme. Ya pili ni ya juu, unaifunga kwenye mti ukishafika pa kufanyia kazi, inashuka mpaka kwenye daraja la kiti chako. Karabina zako, yani zile pete za chuma zenye mdomo unaofunguka za kuunganishia kamba na kiti, ziwe za kufunga mdomo, zenye namba imechorwa kwenye chuma, utakuta kN 22 au zaidi, hiyo ni kama tani mbili na ushee, zile ndogo za kuning'inizia funguo hata kama zinafanana usiziguse. Alafu kofia ngumu, embe bichi likikudondokea kichwani kutoka mita nne sio mchezo, na kwa anayesimama chini ndo kabisa.

Sasa fundo. Fundo linaloendesha kazi yote linaitwa prusiki, limetokana na jina la Mwaustria Karl Prusik ambaye alilieleza mwaka 1931 kwa ajili ya wapanda milima. Unachukua kamba nyembamba ya milimita 6 mpaka 8, lazima iwe nyembamba kuliko kamba kubwa la sivyo haiumi, unaunganisha ncha zake kwa fundo la wavuvi la mizunguko miwili kila upande, unaacha mikia ya kama vidole vinne, inakuwa kitanzi. Kile kitanzi unakizungusha kwenye kamba kubwa mara tatu kikipita ndani ya chenyewe, unapanga mizunguko ikae sambamba isipandiane, alafu unavuta. Ukilisukuma kwa mkono likiwa halina uzito linateleza juu na chini, ukilikalia linauma kamba na halisogei. Ndo raha yake, unafupisha na kurefusha kamba kwa mkono mmoja. Likiteleza ukiwa umelikalia ongeza mzunguko wa nne. Na mwisho wa kila kamba kubwa piga fundo nene, maana mtu anarefusha kamba anarefusha mwisho prusiki inatoka kwenye ncha na yeye anaondoka nayo.

Siku ya kwanza usipande. Nasema kweli, funga kamba ya juu kwenye mti usawa wa kichwa chako, kaa kwenye kiti miguu ikiwa inagusa chini, jifunze kurefusha, kufupisha, kugeuka upande wa kushoto na wa kulia, kuegemea mbali na shina. Vijana wangu nawakalisha hivo siku mbili tatu mpaka mkono unajua wenyewe, wananung'unika lakini ndo hivo.

Kuchagua mti nako kuna mambo. Zunguka mti mzima ukiangalia juu, tafuta matawi makavu, nyufa kwenye panda, uyoga kwenye mizizi au shina, gonga shina kwa nyuma ya panga usikilize kama linalia kama ngoma. Mwembe na mkwaju kwa kawaida ni miti ya kuaminika, mzambarau mi siupendi matawi yake yanakatika bila kuaga, mpapai sio mti wa kupanda hata kwa mawazo. Angalia nyaya za TANESCO, tawi likiwa limegusa au limekaribia waya huo mti sio wako ni wa TANESCO, wapigie waje wenyewe. Angalia nyuki. Na mwembeni kuna wale chungu wekundu wanaoshona majani, maji moto, watakung'ata mpaka uachie mikono, mi naenda asubuhi kabla jua halijachoma wakiwa bado wazito, najipaka majivu mikononi, na siwapigi dawa kwa sababu wanakula wadudu wanaoharibu embe. Ukiona wingu zito linatoka ziwani na ngurumo zinaanza, shuka, sio umalizie tawi moja, shuka.

Kupanda kwenyewe sasa. Wamarekani wana vipande vya ngazi vya chuma wanavifunga kwenye shina kimoja kimoja, sisi tunatumia ngazi ya miti ile ile ya nyumbani ila tunaifunga kwenye shina juu na chini isiteleze. Ukiwa bado chini zungusha kamba ya kiunoni kwenye shina, pachika karabina pande zote mbili, funga mdomo, vuta uhakikishe. Kila hatua moja au mbili unairusha kamba ipande juu kwenye shina, iwe muda wote usawa wa kifua au juu kidogo, usiiache ibaki magotini maana ukiteleza utaanguka huo urefu wote kabla haijakukamata.

Mwembe tatizo lake sio shina, ni kwamba unaanza matawi mapema, unapanda kidogo tu kamba ya kiunoni inagota kwenye tawi. Hapa ndo watu wanajifungua "sekunde moja tu" wavuke, na hiyo sekunde ndo inayoua. Unachofanya, unakaa sawasawa, unachukua kamba ya juu unaipitisha juu ya lile tawi kuzunguka shina, unapitisha ncha moja kwenye jicho la kamba, yani kitanzi kilichoko ncha ya pili, unaikaza, unapachika prusiki na karabina kwenye daraja, unakaza, unaikalia kwa uzito wako wote ukiwa bado umefungwa na ya kiunoni. Ikishika ndo unafungua ya kiunoni, unaihamishia juu ya tawi, unapachika tena. Mi huwa nasema kwa sauti, "juu imeshika, kiuno natoa", na aliye chini anaitikia, inaonekana kitoto lakini siku umechoka inakusaidia.

Ukifika pa kufanyia kazi funga kamba ya juu kwenye shina au panda nene, unene wa tawi bichi usipungue sentimita 10 na ukae karibu na shina sio kwenye ncha. Ukiwa umesimama iwe usawa wa paji la uso au juu yake, alafu fupisha mpaka ukikaa kamba inakuwa imekaza. Isilegee kabisa, kwa sababu hizi kamba hazivutiki, ukidondoka hata mita moja mshtuko wote unaingia kiunoni na mgongoni kwako. Na ukitaka kutembea kwenye tawi kwenda nje kufuata embe, kadri ulivyofunga juu zaidi ndo utabembea kidogo ukiteleza, ukifunga chini utarudi kama kengele ugonge shina.

Kama unapunguzia matawi badala ya kuchuma, weka kamba zote mbili sehemu mbili tofauti, na panga acha nyumbani, tumia msumeno wa mkono. Kamba iliyokaza ikiguswa na makali inakatika kama uzi, mara moja tu inatosha. Msumeno wenyewe ufunge kwa kikamba kwenye kiti usije ukamdondokea mtu. Utomvu wa mwembe unaunguza ngozi alafu unagandisha prusiki, kwa hiyo kila ukikata tawi angalia fundo lako kama bado linateleza.

Hupandi peke yako. Aliye chini akae pembeni sio chini yako, awe na simu na namba ya zimamoto 114, na aelewe hili: mtu akizimia au akichoka akabaki ananing'inia bila kusogeza miguu damu inabaki miguuni hairudi, anaweza kufa ndani ya muda mfupi ingawa kamba haijakatika. Kwa hiyo ukiwa juu piga piga miguu, kanyaga shina, badilisha mkao, weka na kitanzi cha kamba cha kukanyagia usimame mara kwa mara. Na kabla ya kupanda mkubaliane atakushushaje, kama hana ngazi ya kukufikia na hajawahi kukaa kwenye kiti mwenyewe basi bado hamjawa tayari.

Kushuka ni njia ile ile ya kupanda kwa kinyume, kiuno, ngazi, hatua kwa hatua. Usijaribu kuteleza kwa prusiki mpaka chini kama kwenye filamu, likishauma huwezi kulilegeza ukiwa umelikalia, na likiteleza kwa kasi joto linayeyusha kamba.

Ukimaliza safisha kamba kwa maji tu, anika kivulini, usiiweke kwenye buti la pikipiki karibu na petroli wala stoo penye maji ya betri. Kila kabla ya kupanda ipitishe yote mkononi taratibu ukiwa umefumba macho, vidole vinaona kuliko macho, ukigusa mahali palipolegea ndani, pagumu, palipochanika ganda au palipong'aa kwa kuungua, ikate pale pale vipande vifupi ufungie mbuzi, ili kesho kijana wa jirani asije akaiokota na kuipandia.