Taa za bagi ya faiba: anza na waya wa athi

Ukiwa unafufua gari la kuunga nyumbani, tuseme bagi (gari dogo la wazi la mchangani) ya Meyers Manx, yenye bodi ya faiba (plastiki yenye nyuzi za kioo) iliyovikwa juu ya chesisi iliyofupishwa ya Volkswagen Beetle, usikimbilie kubadilisha balbu taa zikififia. Faiba haipitishi umeme kama bati, kwa hiyo kila taa inahitaji waya wake wa athi, yaani wa kurudisha umeme, hadi kwenye chesisi au negativu ya betri. Mimi nilihangaika wiki mbili na balbu na swichi, kumbe boliti ya athi imekazwa juu ya rangi mpya! Kwangua hapo kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza nati, kisha paka grisi kuzuia kutu. Dalili ya athi mbovu: unawasha indiketa, taa ya breki nayo inapepesa.