Hakiki rangi ya ramani ya tabianchi kabla ya kuitumia: mfano wa Unguja na Pemba

Wanafunzi na mabwana shamba wengi hapa visiwani hupakua ramani ya Köppen, inayogawa dunia katika aina za tabianchi kwa herufi na rangi kufuata joto na mvua, wakaiona Unguja ina rangi moja, wakaiandika kwenye ripoti kama ilivyo. Rangi ile ni jibu la hesabu, na hesabu huhakikiwa.

Hatua ya 1: Soma miaka na chanzo. Ramani ya Peel na wenzake ya 2007 ilitokana na rekodi za vituo, mapengo yakajazwa kwa makadirio. Ya Beck na wenzake ya 2018 inahusu 1980 hadi 2016, na ilichanganya hifadhidata za tabianchi za WorldClim, CHELSA na CHPclim. Zikitofautiana, usikimbilie kusema tabianchi imebadilika.

Hatua ya 2: Pima kisanduku, yaani kipande kidogo cha ramani chenye rangi moja. Ifungue ramani katika QGIS, programu ya ramani ya kompyuta. Kisanduku cha nusu digrii kina upana wa kilomita 55 hivi. Unguja haifiki hata 40 kwa upana, basi hapo kisiwa na bahari vimehesabiwa pamoja. Ramani za kilomita moja zinapendeza, ila udogo wa kisanduku hauongezi kituo hata kimoja. Ukitoka uwanja wa ndege wa Kisauni kwenda maweni ya Makunduchi, namba nyingi utakazokuta ni za kukadiria.

Hatua ya 3: Piga hesabu mwenyewe. Hapa ndipo pa kukaa. Omba mvua na joto la kila mwezi kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, miaka 30 ikiwezekana, utafute wastani. Mwezi wenye baridi zaidi ukiwa na nyuzi 18 au zaidi, uko kundi A, la kitropiki. Kwetu hilo halina ubishi. Mwezi mkavu kuliko yote ukipata milimita 60 au zaidi, ni Af, yaani mvua mwaka mzima. Usipofika, gawa mvua ya mwaka kwa 25, kisha toa jibu kwenye 100. Mwezi mkavu ukifikia namba hiyo ni Am, tabianchi ya monsuni. Ukipungua ni Aw au As, savana yenye kiangazi kikali.

Tuseme mwaka una milimita 1,600: mpaka ni 36. Mwezi mkavu wa milimita 40 ni Am, wa 33 ni Aw. Milimita saba tu, mvua ya mchana mmoja, zimegeuza rangi ya kisiwa! Mwaka ukiwa na 1,900, mpaka hushuka hadi 24, ndiyo maana Unguja na Pemba zipigiwe hesabu mbalimbali.

Hatua ya 4: Fungua tabaka la uhakika, linaloonyesha kwa asilimia jinsi rangi ya kila kisanduku inavyoaminika. Ramani ya Beck inalo. Penye asilimia ndogo, andika herufi zote mbili zinazowezekana.

Hatua ya 5: Usiipe herufi kazi isiyo yake. Kanuni haisomi udongo wala upepo wa kusi, na wastani huficha mwaka kama 1997, vuli ya El Niño. Mkulima wa mikarafuu wa Wete akiuliza lini apande miche, mpe jedwali la mvua za masika na vuli pamoja na utabiri wa msimu. Ramani iache kwenye ripoti, na chini yake uandike miaka, ukubwa wa kisanduku na milimita zinazokutenga na mpaka.